Kisra Parviz: Mfalme wa Sahani za Fedha

Mwalimu mlezi wa Chama cha Kiswahili alipotugawia kazi za jarida la mwaka huu, alitutaka sisi wa kidato cha tatu tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani. Wenzangu waliwania majina ya karibu. Mmoja alimchukua Mekatilili wa Menza, mwingine Fumo Liyongo, na mwingine Vasco da Gama na mnara wake wa Malindi. Nilipomtaja Kisra, darasa zima liliangua kicheko. Walidhani nimemwokota chuoni na kwamba huko ndiko nimrudishe. Ni kweli kwamba jina lake nililisikia mara ya kwanza chuoni, nikiwa bado nabeba juzuu mkononi. Lakini sababu ya kumchagua ilitoka kwengine kabisa. Ilitoka ndani ya kasha la nyanya yangu.

Nyanya ana mrashi. Kwa wale wenzetu wa bara ambao hawajauona, mrashi ni chombo chenye tumbo la mviringo na shingo ndefu nyembamba, na kichwani kina vitundu vidogo vidogo. Hutiwa marashi ya waridi na kunyunyiziwa watu kwenye harusi na maulidi. Huu wa nyanya ni wa fedha. Umenakshiwa maua, na baadhi ya maua yale yametiwa dhahabu. Shingoni dhahabu imefutika kwa kushikwashikwa, na weupe wa fedha unachungulia. Nyanya hamnyimi mtu. Akija mwenye harusi kuuazima, hupewa. Wengi wenu mlioko hapa Mambrui mmerashiwa kwa mrashi ule bila ya kujua ni wa nani.

Mwaka jana karo ilinikalia vibaya. Kusi lilivuma sana, na baba alikuwa akirudi kutoka baharini na samaki wa kitoweo tu. Mama akasikia kuna mnunuzi wa vitu vya kale, akamwita. Alipofika aliutia mrashi kwenye mizani yake ndogo, akataja bei ya fedha kwa gramu. Dhahabu, ati, haikuwa na hesabu kwani ni utando tu. Nakshi hakuziangalia. Nyanya alinyamaza, kisha akamwomba siku mbili za kufikiri.

Siku ya pili yake, wakati wa mapumziko, nilikwenda maktaba ya shule. Nilitaka kujua fedha iliyotiwa dhahabu ni kitu gani hasa, na kama kweli thamani yake ni gramu peke yake. Katika kitabu kimoja kikubwa cha sanaa nikakuta picha ya sahani. Katikati yake mfalme amepanda farasi anayekwenda mbio, upinde ameuvuta, wanyama wanamkimbia mbele na wengine wamelala chini wamekufa. Maelezo yalisema sahani hiyo ya fedha iliyotiwa dhahabu imo katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa jijini Paris, na kwamba wengi wamemtambua mfalme huyo, kwa taji lake, kuwa ni Khosrow wa Pili wa Uajemi. Wako pia wanaosema ni mfalme mwengine wa ukoo huo huo, Peroz, aliyemtangulia kwa zaidi ya miaka mia. Nikaendelea kusoma. Kumbe Khosrow ndiye Kisra wetu wa chuoni!

Waarabu ndio walioligeuza jina la Khosrow likawa Kisra, na wakamwita hivyo kila mfalme wa Uajemi. Huyu wa pili alipewa pia lakabu ya Parviz, yaani mshindi. Alizaliwa yapata mwaka 570, karibu na mwaka aliozaliwa Mtume Muhammad. Ukoo wake, ukoo wa Sasani, ulikuwa umeanza kutawala mwaka 224. Mji mkuu ulikuwa Ctesiphon, ambao Waarabu waliuita Madain, kando ya mto Tigris, si mbali na Baghdad ya leo. Babu yake, Khosrow Anushirwan, alitawala tangu 531 hadi 579 na akasifika kwa uadilifu. Baba yake, Hormizd, hakupata sifa hiyo.

Mwaka 590 jemadari mkubwa aitwaye Bahram Chobin aliasi. Wakati huo huo wakuu wa baraza walimkamata Hormizd, wakampofua macho na kumweka Parviz kwenye kiti. Miongoni mwa waliofanya njama hiyo walikuwa wajomba wa Parviz mwenyewe. Baadaye kidogo Hormizd akauawa. Basi kijana wetu, mwenye umri wa kama miaka 20, aliupata ufalme juu ya maumivu ya baba yake. Hilo likumbukwe, kwa sababu litarudi.

Hata hivyo hakukaa. Bahram alipoukaribia mji, Parviz alitoroka na kukimbilia kwa adui wa jadi wa Waajemi, yaani Warumi wa Konstantinopoli. Kaisari Maurice alimpokea na kumpa jeshi. Mwaka 591 Bahram alishindwa na Parviz akarudi kwenye kiti chake. Kwa malipo, aliwaachia Warumi sehemu kubwa ya Armenia. Baada ya kutulia aliwageukia wale wajomba waliompa ufalme, akawaangamiza.

Sasa tufike kwenye zile sahani, maana ndizo zilizonivuta. Wafalme wa ukoo wa Sasani walipenda kuchorwa wakiwinda. Karibu na Kermanshah, magharibi mwa Iran, pana pango lililochongwa kwenye jabali ambalo wataalamu wengi wanalihusisha na Parviz. Kuta zake zina picha za uwindaji wa nguruwe mwitu na paa. Mahali hapo huitwa Taq-e Bostan, na bila shaka mmeshalisikia neno letu bustani ndani yake. Lakini jabali halihami. Kilichosafiri ni sahani. Wataalamu wanaamini kwamba sahani zenye sura ya mfalme zilitengenezwa kwa amri ya ikulu na kupewa wakuu na wageni wa mbali kama zawadi, ili kila atakayekula karamu aione nguvu ya mfalme. Iliyoko New York, katika jumba la makumbusho la Metropolitan, ina upana wa karibu sentimita 22, sawa na sahani zetu za wali. Juu yake mfalme mmoja anawinda kondoo wa mwitu.

Hebu tazameni kazi yenyewe. Fundi alifua fedha kwa nyundo hadi ikawa sahani. Fedha ikifuliwa sana hukakamaa na kupasuka, kwa hiyo kila baada ya muda aliirudisha motoni ilainike. Zile sehemu zilizoinuka, kama kichwa cha mfalme au kifua cha farasi, mara nyingi zilifuliwa mbali. Fundi aliuinua ukingo mwembamba kwenye sahani kwa patasi, akakipachika kipande chake, kisha akaulaza ukingo ukishike barabara. Baada ya hapo alichonga nywele, mikunjo ya nguo na manyoya ya wanyama.

Mwisho ndipo ilipokuja dhahabu. Ilichanganywa na zebaki ikawa kama uji mzito. Fundi aliipaka pale tu alipotaka ing'ae, akaipeleka sahani motoni. Zebaki ilitoka kwa moshi na dhahabu ikabaki imeng'ang'ania fedha. Moshi huo ni sumu. Zebaki hiyo hiyo ndiyo wanayoitumia wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Migori, na madhara yake kwa mishipa na ubongo yanajulikana. Kwa hivyo nyuma ya kila mfalme anayeng'aa alikuweko fundi anayevuta sumu. Jina la mfalme tunaligombania mpaka leo, la fundi halikuandikwa.

Jambo moja katika sahani hizo lilinishangaza. Mara nyingi mnyama mmoja huchorwa mara mbili. Juu yuko hai anakimbia, na chini yuko maiti, mshale umemwingia. Ni kama kusema kwamba mfalme akishavuta upinde, mambo yamekwisha. Katika sahani mfalme hakosi shabaha, farasi wake hajikwai, na taji halimdondoki. Maisha ya Parviz yalikuwa mbali na hayo.

Mwaka 602 Kaisari Maurice aliuawa na askari wake mwenyewe, Phocas, aliyechukua utawala. Parviz akapata kisingizio. Alitangaza kulipa kisasi cha mfadhili wake na akaanza vita vilivyodumu karibu miaka 26. Mwanzoni alishinda kweli kweli. Majeshi yake yaliteka Shamu. Mwaka 614 yaliingia Yerusalemu na kuuchukua ule mti ambao Wakristo wanauheshimu kuwa msalaba wa Yesu. Mwaka 619 yakauteka mji wa Iskandaria, na Misri ikawa yake. Habari za kushindwa kwa Warumi zilifika hadi Makka, na wale waliosoma wanajua kwamba zimetajwa mwanzoni mwa Surat Rum.

Vita vina gharama. Wananchi walikamuliwa kodi, na hazina ya Parviz ikajaa. Sarafu zake za fedha, yaani dirhamu, zilipigwa kwa wingi sana. Kila moja ilikuwa na uzito wa karibu gramu 4. Upande mmoja ulikuwa na sura yake na taji lenye mbawa, na upande wa pili madhabahu ya moto ya dini yake ya Kimajusi, walinzi wawili wamesimama kando. Kadiri fedha ilivyozidi ndivyo alivyozidi kuwashuku watu. Majemadari walimwogopa, na wakuu wakamchukia kimoyomoyo.

Vitabu vya sira vinasimulia kwamba katika miaka yake ya mwisho aliletewa barua na Abdullah bin Hudhafa, mjumbe wa Mtume. Ilimtaka aingie Uislamu. Parviz alighadhibika kwa kuwa jina lake halikutangulizwa, akaichana. Hicho ndicho kisa tulichofundishwa chuoni, na kwa wengi wetu maisha ya Kisra yanaanzia na kuishia hapo.

Lakini wakati huo mambo yalikuwa yameshaharibika. Kaisari mpya, Heraclius, alianza kurudisha mashambulizi mwaka 622. Mwaka 626 Waajemi na wenzao walijaribu kuuteka mji wa Konstantinopoli wakashindwa. Mwezi wa Disemba 627 jeshi la Waajemi lilivunjwa karibu na magofu ya Ninawi. Mwezi uliofuata Heraclius aliingia Dastagird, ikulu aliyoipenda sana Parviz, na mwenyewe ameshakimbia. Walikuta hariri, sukari, pilipili, tangawizi, mazulia, fedha na udi mwingi. Naam, udi ule ule tunaofukizia nyumba zetu. Kisha ikulu ikatiwa moto.

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Mwezi wa Februari 628 wakuu walimtoa gerezani mwanawe Parviz aitwaye Kavad, ambaye Waarabu humwita Shiruya, wakamtawaza. Parviz akakamatwa. Theophanes, mwandishi wa Kirumi aliyeandika miaka karibu 200 baadaye, anasimulia kwamba mzee huyo alifungwa ndani ya nyumba ya giza ambayo mwenyewe aliijenga kwa ajili ya kuhifadhi mali. Alipewa mkate na maji kidogo tu. Mwanawe, anasema Theophanes, alitaka baba ale ile dhahabu na fedha aliyoirundika. Watoto wake wengine waliuawa, naye baada ya siku chache akauawa. Yale yaliyompata baba yake mwaka 590 yakawa yamempata yeye kwa mkono wa mwanawe.

Kavad naye hakuufaidi ufalme. Alikufa kwa tauni kabla ya mwaka kwisha. Katika miaka minne walipita watawala wengi, wakiwemo binti wawili wa Parviz, Boran na Azarmidokht. Mwaka 637 jeshi la Waislamu liliingia Madain wakati wa ukhalifa wa Umar. Hazina ikagawanywa. Lilikuwamo zulia kubwa lililotiwa nyuzi za dhahabu na vito, likafanana na bustani iliyochanua. Likakatwa vipande, kila mtu na fungu lake. Vikuku vya Kisra, kama sira inavyosimulia, alivishwa Suraqa bin Malik, bedui wa jangwani. Mwaka 651 ufalme wa Sasani ukazimika moja kwa moja.

Je, ni nini kilichobaki? Hapa ndipo niliposimamisha kalamu nikafikiri. Zile alizozifungia ndani ya hazina ziligawanywa, zikayeyushwa, zikapotea. Zilizosalimika ni zile zilizomtoka mkononi. Sahani nyingi za fedha za Uajemi zilipatikana mbali kabisa na kwao, kando ya mto Kama na milima ya Ural nchini Urusi. Zilifika huko kwa biashara, zikibadilishwa na ngozi za wanyama wenye manyoya. Nyingi zimo leo katika jumba la makumbusho la Hermitage mjini Saint Petersburg. Sarafu zake nazo ziliendelea kutumika. Hata watawala wa Kiislamu walipiga dirhamu zenye sura ya Kisra, wakaongeza pembeni jina la Mungu kwa Kiarabu, mpaka Khalifa Abdulmalik alipoleta dirhamu isiyo na picha mnamo mwaka 698.

Na sisi wa pwani hatuko mbali na habari hizi. Huko Manda na Shanga, katika visiwa vya Lamu, wachimbuaji wamepata vigae vingi vya mitungi ya rangi ya samawati na kijani kutoka Ghuba ya Uajemi. Shanga yenyewe ilikuwa na visarafu vyake vya fedha. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zenye majina ya watawala wa pwani. Mwaka 2023 wataalamu walichapisha utafiti wa mifupa ya makaburi ya kale, yakiwemo ya Manda na Mtwapa, ukaonyesha kwamba Waafrika na Waajemi walianza kuoana hapa yapata mwaka 1000. Tunaposema bandari, nanga na dirisha, tunasema maneno yenye asili ya Kiajemi.

Hapa hapa Mambrui, mwaka 2010, wachimbuaji wa Kenya na Uchina walipata sarafu ya shaba ya mfalme Yongle wa Uchina, iliyopigwa kati ya mwaka 1403 na 1424. Yongle alikuwa na hazina kubwa mno. Lakini kwetu kimefika kisarafu kimoja kilichotoka mkononi mwake, kikapita mikono ya watu, kikalala mchangani petu.

Jioni ile nilimsimulia nyanya maisha yote ya Kisra, tumekaa barazani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza mambo mawili tu. Vilikwenda wapi vile alivyovifungia? Na ziko wapi sahani zile alizozitoa? Nikamjibu kama nilivyowajibu nyinyi. Akainuka, akaingia chumbani, nikasikia kasha linafunguliwa.

Asubuhi mnunuzi aliporudi, nyanya hakumpa mrashi. Alimpa kifurushi cha kitambaa cheupe. Ndani yake mlikuwa na vikuku vyake vinne vya fedha alivyovishwa na babu siku ya harusi. Tangu babu afariki hakuwahi kuvivaa, na sisi wajukuu hatukujua hata kama viko. Mama alitaka kumzuia, lakini wapi! Mizani ilipokuwa ikipanda na kushuka nilitoka nje, nikalia nyuma ya jiko. Karo yangu ililipwa siku hiyo, ndiyo maana mnanisoma hapa.

Sikuthubutu kumwuliza kwa nini alichagua vile. Nadhani najua. Vikuku vilikuwa vyake peke yake, vimekaa gizani, hata mwenyewe alikuwa havitazami. Mrashi ni wa watu. Ungeuzwa, harusi ngapi zingekosa kitu bila ya kujua ni nini? Maulidi yaliyofuata ulitoka tena, ukapita safu kwa safu, na mikono ya wazee ikaendelea kuufuta dhahabu yake shingoni. Nami sasa nikiona ule weupe wa fedha unachungulia, sioni tena kuwa ni kasoro.

Wenzangu, Kisra Parviz alitawala miaka 38, akachorwa mshindi asiyekosa shabaha. Akafa njaa inamkwangua, amezungukwa na mali yake. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nyanya yangu hajui kusoma sahani za Paris, lakini aliijua maana yake kabla yangu.

Na atakayekuwa na harusi mwaka huu, nyumba yetu iko kule nyuma ya msikiti. Abishe hodi, mrashi upo.